Mashairi ya Wodi Yaliyovuka Lwakhakha

Mwaka huo ulianza na programu ya mazishi.

Nina duka la kuchapisha hapa Kitale, chumba kimoja nyuma ya soko, chenye mashine mbili za kuchapa na moja ya kukata karatasi. Kazi yangu ya kila siku ni mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi, vitabu vya risiti na programu za mazishi. Hizi za mazishi nimechapa nyingi mno. Marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua kwa muda gani, ameacha watoto wangapi. Majina tu ndiyo hubadilika.

Mwezi wa Januari, asubuhi, mama mmoja mrefu mwenye sweta ya kijani aliingia na daftari mkononi. Alikuwa ametoka Sirisia. Mdogo wake, aliyeolewa Uganda ng'ambo ya Lwakhakha, mto wa mpakani, alikuwa amefariki, na familia ilikuwa imemtuma yeye atengeneze programu. Nikamwuliza historia ya marehemu iko wapi. Akafungua daftari, akanionyesha ukurasa mmoja wa Lubukusu, mistari mifupi mifupi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kulala.

"Hiyo ndiyo historia," akasema.

"Mama, hii naona kama ni shairi."

"Mimi hivyo tu ndio najua kuandika. Wewe chapa."

Nikaanza kuchapa. Shairi lilisimulia habari za wasichana wawili waliokuwa na jozi moja ya viatu. Kila asubuhi mmoja alivaa cha kulia na mwingine cha kushoto, wakaenda shule wameshikana mikono ili wasichechemee. Halafu mmoja akaolewa ng'ambo ya mto, na huyu aliyebaki akajifunza kutembea peke yake. Nilipofika hapo niliondoa vidole kwenye mashine. Yule mama alidhani umeme umepotea.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Lubukusu ndiyo lugha niliyokatazwa kuongea shuleni, na Kiswahili ndicho nilichochekewa nacho nilipofika chuo, kwa sababu r na l mdomoni mwangu hubadilishana viti bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimeandika mashairi yangu mwenyewe miaka mingi, nikayapeleka huku na kule, yakarudi. Mwishowe niliacha, nikanunua mashine. Lakini siku hiyo nilijua kwamba kitu nilichokuwa nikikitafuta katika mashairi yangu kilikuwa kimeingia dukani kikiwa kimevaa sweta ya kijani.

Nilimwuliza kama ana mengine.

"Niko nayo," akasema. "Lakini si ya kuonyesha watu."

Alikuwa amefanya kazi ya usafi katika wodi ya watoto ya hospitali moja kwa miaka thelathini, mpaka alipostaafu. Watu walioketi kando ya vitanda, kina mama hasa, walizoea kumwona na ndoo na wakaongea naye vile hawangeongea na daktari. Akifika nyumbani aliandika. Wiki mbili baada ya mazishi alinikubalia niende kwake Sirisia, akanitolea daftari kumi na moja kutoka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ili panya wasizifikie. Nyingine zilikuwa karatasi tu, zile za kuchora joto la mgonjwa ambazo hazikutumika, akazishona kwa uzi. Nilisoma nikiwa nimeketi jikoni kwake mpaka akanipikia mara mbili.

Kwa ruhusa yake nilichagua mashairi arobaini, nikayatafsiri kwa Kiswahili, nikayapeleka yote, ya Lubukusu na ya Kiswahili, kwa mhariri wa shirika moja la uchapishaji la Nairobi. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyozoea. Alisema mashairi hayana wasomaji, na mashairi ya lugha ya mama ndiyo hayana kabisa. Kama tungeondoa Lubukusu, labda. Tena, akaongeza, mtafsiri ajifunze tofauti ya r na l, maana katika ukurasa wa pili mama wa watu alikuwa ameandikwa anamrinda mtoto, na rinda ni nguo.

Niliona aibu ile ile ya chuo. Niliiweka ile barua kwenye droo nikaendelea na mitihani ya darasa la sita.

Huenda ningekaa hivyo hadi leo. Lakini mwezi wa Machi simu yangu ililia, namba ya Uganda. Ilikuwa sauti ya mwanamume, akanisalimu "Mulembe," nami nikaitikia, kwa kuwa hiyo salamu ni yetu sote pande mbili za mlima wa mpakani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amehudhuria yale mazishi, na namba yangu aliipata chini ya programu, pale ninapoandikaga kwa herufi ndogo kwamba kazi ni yetu.

"Yale maneno ya viatu," akasema, "nani aliyaandika?"

Nikamwambia.

"Mimi nimeyasomea darasa langu. Nimeyageuza kidogo yakae kwa lugha yetu. Watoto wameyashika yote kichwani. Ziko mengine?"

Nikamwambia yako arobaini. Akauliza ni lini naweza kufika Lwakhakha.

Tukawa tunakutana huko kila Jumamosi ya pili, sisi watatu, katika hoteli moja ya chai upande wa Kenya. Mimi nikitoka Kitale, mama akitoka Sirisia, mwalimu akivuka daraja kwa miguu na kamusi yake aliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Lumasaaba yake na Lubukusu yetu ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili; wanafanana sura, lakini mmoja akicheka mwingine hajui kila mara anacheka nini. Tuliamua kitabu kiwe cha lugha tatu. Upande wa kushoto Lubukusu, upande wa kulia Lumasaaba, na Kiswahili chini ya zote mbili, kama sakafu. Nilimweleza mwalimu kwamba hakuna shirika lililotutaka.

"Wewe si una mashine?" akauliza.

Nilikuwa nazo mbili. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba zinaweza kuchapa kitu kingine zaidi ya risiti.

Siku moja tulikwama asubuhi nzima kwa neno moja. Katika Lubukusu, na kwa kina mwalimu vilevile, linda ni ngoja. Katika Kiswahili, linda ni kukinga mtu asidhurike. Shairi lilimhusu mama aliyekaa siku tisa kando ya kitanda cha mtoto wake, na neno hilo lilirudi mwisho wa kila ubeti. Hapo ndipo nilipokuwa nimejikwaa nikaandika kumrinda. Nilisema tuweke ngoja, kwa kuwa ndiyo maana yenyewe. Mwalimu akasema tukiweka ngoja, huyo mama ataonekana amekaa tu kama mtu wa foleni.

Tukamgeukia mwenye shairi. Alikuwa anapuliza chai.

"Nyinyi mnasumbuka bure," akasema. "Ukikaa na mtoto mgonjwa, si unangoja na unalinda? Ni kitu moja. Andika linda. Mswahili akisoma atafikiria kulinda, Mbukusu atafikiria kungoja, na wote watakuwa wamesema ukweli."

Mwalimu aliandika jambo hilo kwenye kamusi yake. Nami, kwa mara ya kwanza tangu barua ya Nairobi, niliandika neno lile bila woga, kwa l yake, nikaliangalia lilivyokaa.

Shairi hilohilo ndilo lililotaka kuvunja kila kitu. Mwezi wa Mei, kurasa zikiwa zimepangwa na jalada limeshachorwa, mama alinipigia akaniambia nisimamishe kazi.

"Yule mama wa siku tisa yuko hai," akasema. "Yuko Kiminini, anauza vitunguu. Mimi niliandika uchungu wake bila kumwuliza. Siwezi kuuchapa akiwa hajui."

Nilimwambia hatukutaja jina lake. Akasema jina si kitu, mtu anajijua. Alhamisi iliyofuata tulishuka Kiminini, tukaulizauliza, tukaelekezwa kwa mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu ya vitunguu, leso kichwani. Hakumtambua mama mara moja. Kisha akasema polepole, "Wewe ndiye ulikuwa na ndoo."

"Ni mimi."

"Ulinipatia sabuni."

Mama alimweleza kilichotuleta. Hakupamba maneno wala kumzungusha. Alisema aliandika juu ya zile siku tisa, kwamba mtoto hakupona na jambo hilo halikumtoka, na kwamba sasa kuna watu wanataka kuliweka kwa kitabu. Kama hataki, tutaliondoa na hakuna mtu atakasirika.

"Nisomee," yule mwanamke akasema.

Mama alisoma hapo hapo sokoni, amesimama, kwa Lubukusu. Wateja wawili walisimama wakisubiri kuuziwa, wakaacha kusubiri, wakawa wanasikiliza. Aliposoma ubeti wa mwisho yule mwanamke alikuwa anamenya ganda la kitunguu kwa kidole, ganda baada ya ganda, hadi kikabaki kidogo.

"Rudia," akasema.

Mama akarudia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani jinsi ya kupanga upya kurasa bila shairi hilo.

"Wekeni," yule mwanamke akasema. "Miaka yote nimefikiria hakuna mtu aliona. Mama mkwe wangu alisema nilikaa tu hospitali nikala uji wa bure. Wekeni. Lakini hapo umeandika mtoto, mtoto. Alikuwa msichana. Andikeni alikuwa msichana."

Lugha zetu zote tatu husema alilia, alilala, bila kuonyesha kama ni wa kike au wa kiume, na hatukuwa tumeona kama kuna pengo. Mama alitoa kalamu akabadilisha ubeti wa kwanza akiwa ameinamia meza ya vitunguu. Nilimpigia mwalimu jioni hiyo, naye akabadilisha wake. Ni badiliko la neno moja tu. Hata hivyo kila nikisoma shairi hilo sasa, naona kwamba kabla ya Kiminini halikuwa limekamilika.

Tulichapa Juni na Julai. Niliendesha mashine mwenyewe, na mwalimu alivuka kwa likizo yake fupi kuja kusoma kila ukurasa kwa sauti, herufi moja moja, hasa r na l. Kulikuwa na ukurasa mmoja nilioweka Lumasaaba kichwa chini miguu juu, aliugeuza akausoma hivyo hivyo, kisha akasema kwa adabu, "Madam, huyu mgonjwa amelala vibaya." Tulicheka hadi jirani wa duka la viatu akaja kuuliza. Ukurasa huo tuliuchapa upya.

Wakati huo huo, nilikuwa nimetuma mashairi matatu ya Kiswahili kwa jarida moja la mtandaoni linaloendeshwa na vijana wa Mwanza, Tanzania. Waliyachukua yote. Wakaniandikia kwamba wamejadiliana sana kuhusu lile neno linda, wakafikiria ni kosa, halafu wakaamua si kosa. Walinitumia maoni ya wasomaji wao. Mmoja alikuwa mganga wa zamu huko Shinyanga, aliyesema amebandika shairi la siku tisa ukutani wodini.

Mwezi wa Agosti ikaja barua pepe kutoka Ufini. Mwandishi wake alikuwa mwanamke aliyewahi kufundisha wauguzi Tanzania, akajifunza Kiswahili huko, na sasa akistaafu alikuwa anatafsiri mashairi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa amesoma yale matatu kwenye jarida la Mwanza, akaomba ruhusa ya kuyaweka yote arobaini katika Kifini. Alikuwa na swali moja: katika shairi la siku tisa, yule mama anangoja au analinda?

Nilimsomea mama swali hilo kwenye simu. Kwanza alitaka kujua Ufini iko wapi. Nilimwambia ni kaskazini sana, kuna barafu. Akauliza kama watoto wa huko huugua. Nikasema huugua.

"Basi mwambie ni vyote viwili."

Yule mtafsiri alijibu kwamba anashukuru, kwa sababu katika Kifini neno la kungoja ndilo hutumika pia kwa mwanamke mwenye mimba, na ameamua kulitumia hilo. Yule mama wa shairi alianza kumngoja mtoto wake kabla hajazaliwa, akaandika, na bado anamngoja. Nilipomtafsiria mama, alitaka nimsomee mara ya pili.

"Huyo mzungu," akasema mwishowe, "amewahi kukaa kando ya kitanda."

Kitabu tulikizindua Bungoma mwezi wa Septemba, katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimepanga viti themanini nikiogopa vitabaki vitupu, nikapanga vile vya nyuma kwa kuachana ili utupu usionekane. Saa saba kulikuwa na watu kumi na wawili, na wanne kati yao ni ndugu zangu. Saa nane kasorobo wakaingia wauguzi, wengine wakiwa bado na sare, kisha walimu, kisha kundi la wanawake wa Sirisia waliovaa vitenge vya aina moja. Halafu nje kukasikika wimbo. Mwalimu alikuwa amevuka mpaka na darasa lake lote na wazazi wao, na walikuwa wanaingia wakiimba shairi la viatu kwa Lumasaaba, wasichana wawili wawili, kila mmoja na kiatu kimoja mguuni. Watu wa Bungoma waliisikia lugha hiyo, wakacheka kwa kushtuka, kwa sababu walikuwa wanaielewa. Kufikia ubeti wa tatu ukumbi mzima ulikuwa unaitikia. Viti viliisha. Watu walisimama madirishani.

Mama alisoma mwisho. Alikuwa na sweta yake. Hakutoa hotuba wala kushukuru mtu yeyote, alifungua kitabu tu akaanza. Alipofika kwenye shairi la siku tisa alisita akaangalia watu, na mwanamke wa Kiminini, aliyekuwa ameketi safu ya pili, akainuka kwenye kiti chake. Alibaki amesimama muda wote shairi likisomwa. Muuguzi mmoja akasimama, kisha mwingine, kisha kina mama waliokuwa nyuma, mmoja mmoja, na nikaelewa kwamba kila aliyesimama alikuwa amewahi kukaa kando ya kitanda kama hicho. Nilisimama mimi pia. Sijawahi kumwambia mtu kwa nini, na mama hakuniuliza.

Vitabu viliisha kabla ya chai. Nilirudi Kitale kuchapa vingine, na vile pia vikaisha kwa mwezi mmoja, vingi vikivuka Lwakhakha ndani ya mifuko ya walimu.

Oktoba yule mhariri wa Nairobi alinipigia mwenyewe. Alikuwa amesikia. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alisema shirika lake sasa liko tayari kuchukua mashairi hayo, toleo la Kiswahili, na jalada jipya.

"Lugha tatu," nikasema, "au hapana."

"Dada, elewa soko."

"Naelewa. Nimeliona likiwa limesimama madirishani."

Alicheka, akasema atanipigia tena. Alipiga baada ya siku nne, akakubali zote tatu. Katika mkataba aliandika Rumasaaba, kwa r. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia, na nakiri kwamba nilifurahia sahihisho hilo kupita kiasi.

Kitabu cha Kifini kilifika Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Mama alikuja Kitale kwa ajili hiyo, hakutaka nimpelekee. Tulipanga foleni posta pamoja na watu waliokuja kuchukua vifurushi vya sikukuu. Karani alipotukabidhi bahasha, mama aliipasua hapo hapo dirishani. Kitabu kilikuwa chembamba, cheupe, jina lake likiwa juu kwa herufi kubwa. Akafungua, akapitisha kidole mstari kwa mstari, maneno marefu yenye nukta juu ya vichwa, hata moja hakulijua. Halafu kidole kikasimama. Katikati ya maneno yale yote kulikuwa na Sirisia, limeandikwa vilevile.

"Hii ni ile shairi ya kisima cha kwetu," akasema. "Niko hapa."

Karani akauliza ni lugha gani. Mama akamwambia ni Kifini, ni mashairi yake. Mwanamume mmoja nyuma yetu kwenye foleni akasema, bila kuamini, "Ati yako? Si usome tusikie."

Nilitaka kumkinga, lakini hakuhitaji. Alivaa miwani akageukia foleni, akasoma. Alisoma kila herufi kama inavyosomwa nyumbani kwake, l zake na r zake zikienda zilikotaka, kwa sauti ile ile aliyosomea Kiminini na Bungoma, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna aliyeelewa neno isipokuwa Sirisia, na lilipotajwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga kigelegele. Alipomaliza foleni yote ilipiga makofi, na karani akafunga daftari lake la sahihi akapiga pia. Mama alikunja miwani, akaweka kitabu kwenye mkoba wake, akaniambia twende tukanywe chai.